Kifaa Rahisi, Saa Ghali: Namna Mkono wa Daktari wa Moyo Unavyofundishwa

Mwaka 2005 jarida moja la Ulaya la upasuaji wa moyo na kifua lilichapisha maelezo ya kifaa cha mazoezi kilichobuniwa Jamaika. Msingi wake ulikuwa moyo wa nguruwe kutoka machinjioni. Ndani ya vyumba viwili vya chini vya moyo huo yaliwekwa maputo, na pampu iliyoongozwa na kompyuta ikawa inayajaza hewa na kuitoa kwa mapigo. Moyo uliokufa ukadunda. Ikapitishwa na damu ya bandia, hivyo mwanafunzi aliyeshona vibaya aliona kosa lake likichuruzika mbele ya macho yake.

Paul Ramphal na wenzake, waliokibuni, walisukumwa na uhaba. Kisiwa kidogo hakina upasuaji wa moyo wa kutosha kwa mwaka kumwezesha daktari anayesomea ubingwa ashike sindano mara nyingi kadiri anavyohitaji. Baadaye kifaa kile kikaenda Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, kikaendelezwa huko, na mwaka 2017 yakachapishwa matokeo ya utafiti wa taasisi nane za Marekani zilizokitumia kufundishia mambo sita, yakiwemo kumuunganisha mgonjwa na mashine ya moyo na mapafu, kubadilisha valvu, yaani milango ya damu ndani ya moyo, na kukabili hewa iliyoingia kwa wingi kwenye mzunguko wa damu.

Naanza na Jamaika kwa sababu huku kwetu Mwanza mazungumzo ya vifaa vya kufundishia udaktari hugeuka upesi kuwa mazungumzo ya wafadhili: nani ataleta mashine, lini, na nani atakata utepe. Habari ya Jamaika inaonyesha wazo likitoka kwa mwenye kidogo kwenda kwa mwenye kingi. Lakini ina mtego wake pia. Kifaa kile kilipokomaa hakikubaki rahisi. Kinataka kompyuta, kinataka fundi anayekijua, na kinataka moyo mpya kila kipindi cha mafunzo. Basi tunaposema "vifaa nafuu vya kuigizia upasuaji wa moyo" tunasema nini hasa? Unafuu uko kwenye kununua, kwenye kuendesha, au kwenye kufundisha? Hapo ndipo pamefungamana, na pa kuanzia kufungua ni kwa mgonjwa.

Mgonjwa kwanza

Wagonjwa wa moyo wanaopanda kilima cha Bugando, ilipo hospitali ya rufaa hapa Mwanza, wakitoka Ukerewe, Sengerema, Geita au Musoma hawafanani na wale ambao vifaa vingi vya mazoezi vilibuniwa kwa ajili yao. Katika nchi tajiri, upasuaji mkubwa wa moyo unaofanywa kwa wingi kwa watu wazima ni wa kuipitishia damu njia ya pembeni, pale mishipa inayoulisha moyo wenyewe inapoziba. Kwa hiyo daktari mwanafunzi wa huko hufundishwa mapema kuunganisha mshipa wa milimita mbili na mshipa mwingine, na vifaa rahisi vilivyoandikwa sana majaridani ni vya zoezi hilo: kibao, mrija wa silikoni, klipu mbili.

Kanda ya Ziwa ina watu wazima wenye mishipa iliyoziba, tena wanaongezeka. Ila kuna kundi jingine ambalo haliwezi kurukwa, nalo ni vijana wenye valvu zilizoharibiwa na homa ya rumatiki. Mtoto anaumwa koo kwa sababu ya bakteria aina ya streptokoki. Asipopewa penisilini, kwa baadhi ya watoto kinga ya mwili inayopigana na bakteria huyo huishambulia pia mwili wenyewe. Viungo vinavimba na kupona. Valvu za moyo haziponi. Mara nyingi inayoumia zaidi ni valvu ya mitrali, iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto: kingo zake zinakakamaa, zinashikana, inakuwa nyembamba au inavuja, na miaka kadhaa baadaye binti wa sekondari anashindwa kupanda ngazi za darasani. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio juu ya ugonjwa huu. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni kwamba watu wapatao bilioni 6 duniani hawafikiwi na huduma salama ya upasuaji wa moyo.

Penisilini ni rahisi, na kila shilingi inayowekwa huko haipotei. Lakini aliyekwisha kuharibika valvu anahitaji mkono wa daktari wa upasuaji, na hapa ndipo aina ya mgonjwa inapoamua aina ya mafunzo. Unaweza kuiondoa valvu mbovu na kuweka ya chuma. Itadumu, lakini mgonjwa atameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yake yote na kupimwa damu mara kwa mara ili dawa isizidi wala isipungue. Mvuvi anayelala kisiwani wiki kadhaa akifuata dagaa atapimwa wapi? Na kwa mwanamke anayetaka kuzaa, warfarini inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Unaweza kuweka valvu iliyotengenezwa kwa tishu ya mnyama, ambayo haihitaji warfarini ya kudumu, lakini kwa kijana huchakaa mapema na kumrudisha mezani. Njia ya tatu ni kuirekebisha valvu yake mwenyewe: kutenganisha kingo zilizoshikana, kupunguza unene, kutia pete, kushonea kamba mpya. Inapowezekana ndiyo inayomfaa zaidi kijana wa hali hiyo. Ndiyo pia ngumu kuliko zote kufundishwa, na valvu ya rumatiki ni ngumu kurekebisha kuliko valvu iliyolegea kwa uzee.

Kwa nini asijifunze kwa mgonjwa, kama madaktari walivyojifunza tangu zamani? Kwenye tumbo au mguu, bingwa anaweza kumwachia mwanafunzi ashone taratibu, akasimama pembeni akimrekebisha. Kwenye moyo saa inakimbia. Ili kuifikia valvu, mgonjwa anaunganishwa na mashine ya moyo na mapafu, aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, inabanwa, na moyo unasimamishwa kwa maji baridi yenye potasiamu nyingi. Tangu pale koleo linapobana, msuli wa moyo haupati damu yake ya kawaida, na dakika zikizidi sana madhara yanaongezeka. Bingwa mwenye huruma kwa mwanafunzi anakuwa mkatili kwa mgonjwa. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi anapewa vipande: leo afungue kidari, kesho ashone mzunguko mmoja wa uzi kwenye aota, na kipande kigumu kabisa hakishiki mpaka amechelewa mno. Kile asichoweza kukirudia mezani inabidi akirudie mahali pengine.

Kinachofanana na kinachofundisha

Kosa linalogharimu fedha nyingi katika jambo hili ni kudhani kwamba kifaa kinachofanana na moyo ndicho kinachofundisha upasuaji wa moyo. Kuna sanamu za mpira zenye rangi nzuri, mishipa ya buluu na nyekundu, zinazopendeza kwenye picha ya makabidhiano, na ambazo sindano ikipita mara kumi zinachanika. Kuna pia kopo la maziwa ya unga.

Kopo si mzaha. Ugumu wa valvu ya mitrali kwa mwanafunzi hautokani na sura yake. Unatokana na kina. Valvu imekaa nyuma ya moyo, imegeukia upande ambao daktari haoni vizuri, na mikono miwili pamoja na vyombo inapita katika uwazi mdogo. Ni kama kushonea kiraka chini ndani ya mtungi huku mkono ukipita shingoni. Sasa chukua kopo refu, kata kitambaa cha feltri au karatasi ya silikoni kwa umbo la pete, kibane chini kabisa, lilaze kopo kwa pembe. Mwanafunzi apitishe nyuzi kuizunguka pete hiyo, kati ya 12 na 16, kila uzi na sindano zake mbili, bila kuzikoroga. Ndani ya robo saa atagundua kwamba mkono wake wa kulia unafika vizuri kwenye nusu moja ya pete, na kwingine kote lazima ageuze sindano, ashone kwa nyuma, au abadilishe mkono. Ugunduzi huo ndio somo. Kopo haliigizi moyo hata kidogo, linaigiza pembe na kina, na vitu hivyo viwili ndivyo vilivyokuwa vikimshinda.

Vivyo hivyo kwa mafundo. Uzi unaotumika sana kushonea mishipa ni wa polipropilini, uzi mmoja usiosokotwa, unaoteleza na wenye tabia ya kujikunja kurudi ulivyokuwa ndani ya pakiti. Fundo lake likifungwa mara mbili tatu kama la uzi wa kawaida linafumuka. Pakiti moja ni ghali, na mwanafunzi anahitaji mafundo kwa mamia. Hapa Mwanza uko mahali pazuri kuliko miji mingi: pita maduka ya zana za uvuvi karibu na Mwaloni, Kirumba, ununue mshipi wa nailoni wa unene wa milimita 0.20. Huo unakaribiana na uzi wa upasuaji wa namba 3-0, una utelezi uleule na ukaidi uleule wa kujikunja. Hauwezi kuwa mbadala wa uzi wa 7-0, ambao ni mwembamba kama unywele au kuupita, na bila shaka haugusi mgonjwa. Kwa vidole vinavyojifunza kukaza fundo bila kunyanyua mshipa, unatosha.

Mishipa nayo ina vibadala. Yale maputo membamba marefu ya sherehe yana ukuta laini unaochanika ukivutwa vibaya, kwa hiyo yanamwadhibu mwenye mkono mzito. Mrija wa dripu haufai: ni mgumu, unamfundisha mwanafunzi kusukuma sindano kwa nguvu ambazo baadaye zitapasua aota. Paja la kuku lina mshipa wa upana wa takribani milimita moja hadi mbili, wenye tabaka zake zote za kweli, na baada ya mazoezi hakuna anayeshauri kuku huyo aliwe.

Ushahidi wa haya haujakaa kwenye maneno ya wapenda kubana matumizi tu. Mwaka 2004 watafiti wa Toronto, Kanada, waliwagawa madaktari 50 walio mwanzoni mwa mafunzo ya upasuaji katika makundi matatu wajifunze kuunganisha mirija midogo kwa darubini. Kundi moja lilifanyia mazoezi kwa panya aliye hai, la pili kwa mrija wa silikoni, la tatu lilipewa mihadhara na maelezo bila zoezi la mkono. Waliofanya mazoezi, kwa panya au kwa silikoni, waliwapita wa mihadhara, na waliotumia silikoni hawakuachwa nyuma na waliotumia panya. Kwa mwanafunzi wa hatua ya mwanzo, gharama ya kufanana na uhai haikununua ujuzi wa ziada. Nasisitiza hatua ya mwanzo, kwa sababu kuna wakati silikoni inafika mwisho wa uwezo wake, na hapo lazima kurudi machinjioni.

Machinjioni

Tishu ya kweli inafundisha kitu ambacho plastiki haikijui: kuchanika kwa daraja. Ukuta wa aota unakubali sindano kwa namna moja, chumba cha juu cha moyo kwa namna nyingine, na ncha ya valvu karibu haikubali kabisa. Moyo wa nguruwe ndio unaokaribiana zaidi na wa binadamu kwa ukubwa na mpangilio, na ndiyo maana valvu za nguruwe zimetumika miaka mingi kutengenezea valvu za wagonjwa. Mwanza ina kitimoto ya kutosha, mioyo inapatikana. Lakini darasani kuna wanafunzi Waislamu na Wasabato, na mkufunzi mwenye busara haanzi kipindi kwa kumlazimisha mtu kushika asichotaka kushika. Moyo wa mbuzi ni mdogo lakini valvu zake zinaonekana vizuri, na ni zoezi zuri kwa anayeelekea upasuaji wa watoto. Wa ndama unafaa. Wa ng'ombe mkubwa ni mnene kupita kiasi: aota yake inakubali ufundi mbovu ambao aota ya mgonjwa haitaukubali.

Tatizo halisi ni namna moyo unavyofika. Mkaguzi wa nyama anatakiwa kuupasua moyo kutafuta mabuu ya tegu. Ni kazi yake, na inaokoa watu. Ila kisu chake kikipita katikati ya valvu, moyo huo haufai tena kwa somo la valvu. Mchinjaji naye anakata aota pale pale inapotokea, kwa sababu mteja wa supu haitaki, na hapo hakuna pa kuzoeza kuingiza mrija wa mashine. Kinachotakiwa ni kwenda kuzungumza: kumwomba mkaguzi apasue ukuta wa chumba cha chini tu, apite mbali na valvu, na kumwomba mchinjaji atoe moyo pamoja na kipande kirefu cha aota, ikiwezekana na mapafu yakiwa yameshikana nao. Watu hawa wakieleweshwa kazi inayofanyika huelewa haraka, na ni wao wanaoamua kama kipindi cha mazoezi kitakuwa na maana. Sijaona mwongozo wa kigeni unaoanza na mkaguzi wa nyama, nami ningeuanzia hapo.

Kuna mengine ya kuzingatia kwa ufupi. Moyo ugandishwe kama hautatumika siku hiyo, uyeyushwe taratibu, ushikwe kwa glavu kama damu nyingine yoyote. Nyuzi zilizopitwa na muda, ambazo hospitali haziruhusiwi kuzitumia kwa wagonjwa, zinafaa sana hapa. Vyombo vya mazoezi viwe na alama ya kudumu na kabati lake, visirudi thieta kwa bahati mbaya, na mabaki yachomwe pamoja na taka za hospitali.

Mashine ikizima

Watu wakisikia kuigiza upasuaji wanafikiria sindano na uzi. Mimi nadhani zoezi lenye faida kubwa kuliko yote kwa hospitali inayoanza halina sindano ndani yake.

Fikiria mgonjwa yuko kwenye mashine, moyo umesimama, umeme unakatika na betri haijachukua mzigo. Mashine nyingi za aina hii zina mkono wa chuma wa kuzungushia pampu, na mtaalamu wa mashine ndiye anayezungusha. Mkono huo uko wapi? Unaingia upande gani, unazungushwa kuelekea wapi, kwa kasi gani, na nani anashika tochi? Ukizungusha kinyume unaweza kumwingizia mgonjwa hewa. Zoezi lake linahitaji mashine iliyojaa maji, mirija iliyokwisha muda wake, mtu mmoja wa kuzima swichi bila kutoa taarifa, na mwingine wa kuhesabu sekunde. Gharama yake ni maji na jioni moja.

Au mgonjwa ametoka thieta salama, usiku yuko chumba cha wagonjwa mahututi, moyo unasimama. Mgonjwa wa kawaida angebonyezwa kifua na kuendelea kubonyezwa. Aliyetoka kupasuliwa moyo anaweza kuwa na damu iliyoujaza mfuko wa moyo, na kumbonyeza hakutasaidia mpaka kifua kifunguliwe tena. Miongozo ya Ulaya iliyotolewa 2009 inataka kifua kifunguliwe ndani ya dakika 5 iwapo hatua za kwanza zimeshindwa. Dakika 5 usiku wa manane, bingwa yuko nyumbani Capri Point au Nyegezi. Atakayefungua ni aliyepo, naye hajawahi. Sasa chukua boksi gumu la katoni, lifunge juu kwa waya kama kidari kinavyofungwa, lifunike kwa kitambaa, ndani weka mfuko wa maji. Tia nesi wawili, daktari mmoja wa zamu, na saa ya ukutani. Mara ya kwanza watakosa mkasi wa kukatia waya. Hilo pekee linastahili zoezi zima, kwa maana kesho yake mkasi utaning'inizwa ukutani.

Mazoezi ya namna hii yana haya zake. Bingwa anayeshindwa mbele ya manesi anaumia, na nesi anayejua kosa la bingwa hujifunza kunyamaza. Ndiyo maana mwongoza zoezi lazima awe mtu anayeheshimiwa na pande zote, na mazungumzo ya baada ya zoezi yaanze na aliye chini kwa cheo, kabla mkubwa hajasema neno.

Bei yenyewe

Tukirudi kwenye swali la mwanzo, ukijumlisha kopo, mshipi, maputo, mioyo ya wiki na vyombo vilivyotumika, kiasi kinachotoka kinaweza kubebwa na idara bila kumwandikia mtu barua. Miwani ya kukuzia ndiyo itauma kidogo. Kinachoshinda ni saa za mwalimu. Bingwa wa upasuaji wa moyo ni mmoja wa watu adimu kabisa nchini. Ana kliniki, ana wadi, ana foleni ya wagonjwa waliosubiri miezi. Ukimwambia akae saa mbili akimtazama mtu akifunga mafundo, unazichukua saa hizo kwa mgonjwa fulani mwenye jina. Kifaa kinanunuliwa mara moja, saa zinadaiwa kila wiki, na vyumba vya mazoezi vya hospitali mbalimbali vilivyojaa vumbi vilikufa kwa deni hilo.

Kuna njia za kulipunguza. Ya kwanza imejibiwa na utafiti mwingine wa Toronto, wa mwaka 2006. Madaktari 38 walipewa vipindi vinne vya mafunzo vilevile vya kuunganisha mishipa midogo. Nusu yao walivipata vyote ndani ya siku moja, nusu kimoja kwa wiki. Mwezi mmoja baadaye waliojifunza kila wiki walifanya vizuri zaidi, hata kwenye aota ya panya aliye hai. Fikiria maana yake kwa warsha zetu. Wageni wanakuja, wanafundisha siku nzima, vyeti vinagawiwa, picha zinapigwa mbele ya lango, kisha kimya. Saa zilezile za mwalimu zikigawanywa kwa wiki zinazaa zaidi, na mgeni aliyeko ng'ambo anaweza kufundisha nusu saa kwa video kila Jumatano badala ya siku tatu mara moja kwa mwaka.

Njia ya pili ni kutambua kwamba si kila somo linahitaji bingwa. Mwaka 1944 hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, ilifanya upasuaji wa kwanza wa watoto waliozaliwa na moyo wenye kasoro inayowageuza rangi kuwa ya buluu. Aliyekuwa ameufanyia mazoezi maabara, kwa mbwa, tena aliyerekebisha na sindano zenyewe kwa kuwa za ukubwa ule hazikuwepo, alikuwa Vivien Thomas, Mmarekani mweusi, fundi wa maabara asiye na shahada yoyote. Siku ya upasuaji alisimama nyuma ya bega la Alfred Blalock akimwelekeza. Kwa miaka iliyofuata aliwafundisha madaktari wengi wa upasuaji, na mwaka 1976 chuo kikampa shahada ya heshima. Nesi wa thieta mwenye miaka 15 ya kukabidhi nyuzi, au fundi sanifu wa maabara ya ujuzi, anaweza kufundisha mafundo, kushika vyombo na kupanga nyuzi za valvu kwenye kopo, mradi apewe cheo cha ukufunzi na posho yake, asiambiwe anasaidia tu. Bingwa abakizwe kwa kile ambacho yeye peke yake anakijua: kuitazama valvu na kuamua kama inarekebishika au inang'olewa. Uamuzi huo hakuna kopo linaloufundisha.

Njia ya tatu ni simu. Tangu 1997 kuna orodha iliyobuniwa Toronto ya kupimia ujuzi wa mkono wa mpasuaji: namna anavyoiheshimu tishu, mwendo wa mikono usio na upotevu, ushikaji wa vyombo, mtiririko wa kazi, na kadhalika, kila kipengele kikipewa alama 1 hadi 5. Simu ikifungwa kwenye kishikio juu ya kopo, ikirekodi mikono pekee bila uso wala jina, mpimaji aliye Dar es Salaam kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, au aliye Arusha yalipo makao makuu ya COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, anaweza kutoa alama usiku akiwa nyumbani. Bila kipimo cha aina hiyo mwanafunzi anaweza kurudia kosa lilelile mwezi mzima na kulitia ugumu.

Na uchapishaji wa vitu kwa kompyuta, huu unaosifiwa kila mahali? Una nafasi yake. Picha za CT za mgonjwa zinaweza kugeuzwa umbo kwa programu ya bure kama 3D Slicer, ukachapishwa mfano wa moyo wenye tundu la kuzaliwa nalo, timu ikaugeuza mikononi kabla ya kuingia thieta. Kwa kupanga kazi ni mzuri sana. Kwa kushona, plastiki ngumu ya printa haifai. Faida yake ni kuchapishia kalibu ambamo silikoni inamiminwa, ukapata valvu kumi zinazofanana kwa ajili ya wanafunzi kumi. Kabla ya kununua printa, ulizeni nani ataitengeneza pua ikiziba.

Swali hilohilo aulizwe mfadhili yeyote anayekuja na simuleta ya mamilioni ya shilingi: kila kipindi kinatumia nini, kinauzwa wapi, kinagharimu kiasi gani, fundi yuko nchi gani, na zoezi lake ni la ugonjwa upi. Ikiwa ni la mishipa iliyoziba na foleni yetu ni ya valvu, shukrani zitolewe na mazungumzo yaendelee. Huenda akakubali kubadilisha: badala ya mashine, alipe posho ya mkufunzi kwa miaka mitatu na jozi sita za miwani ya kukuzia.

Upande wa hospitali, inabidi zoezi litoke kwenye hiari ya mtu liingie kwenye ratiba. Orodha ya thieta inapobandikwa Ijumaa kwa wiki inayofuata, ikiwa na majina ya wagonjwa, chumba na muda, iwe pia na mstari wa saa ya mazoezi: jina la mwanafunzi, jina la mkufunzi, zoezi lenyewe. Na kama mstari huo utafutwa kwa sababu ya dharura, siku ulikohamishiwa iandikwe palepale.